Albadiri Niliyoiomba Mwenyewe

Wapo wasomaji walionitumia salamu kwamba Baba Mdogo wangu anastahili kufungwa. Mmoja wa Nachingwea alisema angekuwa karibu angemshughulikia kwa mikono yake. Nawashukuru kwa kunionea huruma. Naomba tu mmalize kwanza kusoma haya ya leo.

Kwa aliyekosa ya nyuma: mimi ni Somoe. Nilitoka chuo cha ualimu nikarudi Chilangala kwa mama yangu, kungoja ajira ambayo serikali ilikuwa imeacha kuitoa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibakiwa na mikorosho iliyoko kwenye mahame, kule watu walikoishi kabla ya kuhamishiwa vijijini. Kwa miaka mingi korosho hazikuwa na maana na mahame yakaota pori. Halafu ikaja salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, wakaja na wanunuzi binafsi, na kila mtu akakumbuka mahame yake.

Baba Esha, mdogo wake baba, akaingia kwenye mikorosho yetu akaanza kuokota.

Nikaenda kwenye baraza la wazee. Mimi, ambaye chuoni waliniita Bubu, nilisimama mbele ya kijiji kizima nikasema Baba Mdogo anakula mali ya yatima. Wazee wakakuna ndevu, wakasema hakuna shahidi, wakaondoka.

Nikaamua asomewe albadiri.

Asiyeijua, albadiri ni kisomo cha kumshtaki dhalimu kwa Mungu. Kwetu huku watu wanaiogopa kuliko mahakama, maana haina rufaa. Kijijini hakuna aliyekubali kumsomea jirani yake. Nikashuka Masasi kumtafuta msomaji.

Nilifikia Lulindi kwa Emilia, rafiki yangu wa chuoni. Yeye alikuwa amepata kujitolea kwenye shule moja ya huko. Alinipakia kwenye baiskeli yake mpaka Chiungutwa, akihema na kunisema njia nzima.

"Bubu, wewe panzi akiingia bwenini ulikuwa unamtoa nje kwa karatasi asiumie. Leo unakwenda kumwitia baba yako mdogo majeshi ya mbinguni?"

"Amenidhulumu, Emilia."

"Sikatai. Nasema tu sisi kwetu tunapiga magoti, tunalia, tunakwenda kulala. Nyinyi wenzetu mmezidi."

Tulimkuta Maalim Nangumbi amepindua baiskeli yake uani, mikono imejaa grisi, anafunga breki. Hakuwa vile nilivyomwazia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimedhulumiwa."

Alimtazama Emilia na msalaba wake shingoni, akatabasamu kidogo, kisha akanigeukia mimi.

"Dhuluma ni nini, mwanangu?"

Nilijibu kama niko darasani. "Ni kuchukua kisicho chako."

"Huo ni wizi. Dhuluma ni kuweka kitu mahali pasipo pake. Mtu anaweza asichukue hata punje moja akawa dhalimu. Neno tu, akilitua pasipo pake, amedhulumu."

Nilitikisa kichwa. Nilimwona mzee anayependa kuongea.

"Aliyejidhulumu nafsi yake anatubu, Mungu anamsamehe," aliendelea. "Aliyemdhulumu mwenzake hana pa kupitia mpaka mwenzake amsamehe. Na asiposamehewa hapa, Mtume ametuambia dhuluma ni giza siku ya Kiyama."

"Sasa kwa nini watu wanadhulumu, Maalim, kama wanayajua hayo?"

Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Nimesoma mara nyingi. Sijakutana na aliyeamka asubuhi akasema leo nakwenda kudhulumu. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zao zilikuwa nzuri. Nyingine nzuri kuliko yako."

Emilia akacheka. Mimi sikucheka.

"Sasa sikiliza," Maalim akasema. "Mimi sitaji jina. Ninasema: aliyedhulumu katika mikorosho hii. Jina analijua Mwenyewe. Itatangazwa msikitini kabla, ili mwenye kurudisha arudishe. Siku ikifika, wewe mwenye shtaka utasema Amin kwanza, kwa sauti ya kusikika. Wengine watafuata."

"Nimekubali."

Alizungusha gurudumu, akabana breki, gurudumu likasimama.

"Hii ina breki," akasema. "Kile kisomo hakina."

Ijumaa ikatangazwa Chilangala. Watu walionipita njiani walinishika mkono. Mwanamke mmoja alinifungia kisamvu, akasema, "Umetusemea wajane na yatima wote." Nilijisikia mrefu.

Nikajua Baba Mdogo atakuja kunitisha. Alikuja kweli, saa za asubuhi, amevaa kofia yake ya ukili. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga makopa ya muhogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Nimesikia Maalim anakuja."

"Ndiyo."

"Vizuri. Nitakaa mbele. Na ubani nitaununua mimi, msihangaike."

Dhalimu gani anajinunulia ubani?

Alitaka kuondoka, akarudi nyuma kidogo.

"Wewe umesoma, Somoe. Hebu niambie. Kisomo kile kikimtafuta mwenye kosa, kikakuta ameshakufa, kinakwenda wapi?"

"Sijui, Baba Mdogo."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana nauliza."

Nilidhani ananikejeli. Nilipogeuka niligundua mchi umenyamaza. Mama alikuwa amesimama ameukumbatia, anatazama ndani ya kinu.

Tangu hapo mama hakula. Nikipakua ugali anasema tumbo limejaa. Nikimchemshia uji anaupoza, anaupoza, mwisho anampa kuku. Nikamwambia asiogope, kisomo hakitatugusa sisi.

"Nani kakwambia naogopa?" akasema.

Asubuhi ya siku ya kisomo nilikuwa nafagia uwanja. Mama akatoka, akachukua ufagio mkononi mwangu, akauegemeza ukutani.

"Kaa."

Nikakaa kizingitini. Yeye hakukaa.

"Ile mikorosho aliipanda Baba Esha."

Niliinua uso kumtazama.

"Aliipanda akiwa kijana, hajaoa. Mashimo alichimba mwenyewe. Kisha akaenda Tanga kwenye mkonge, akamwambia baba yako, kaka nitunzie. Hayo ndiyo yote. Hakumpa. Hakumuuzia. Alisema nitunzie."

"Mama, wewe uliniambia..."

"Nilikwambia ni ya baba yako. Najua nilichokwambia. Niache nimalize, nikinyamaza sitaweza tena."

Akashika mwimo wa mlango.

"Haikuanza kuwa dhuluma, Somoe. Ilianza kuwa kazi. Tuliipalilia. Tuliokota, tukamwekea chake, hakuja kukichukua. Tukahamishwa kule, pori likaingia, tukaenda tena tukafyeka. Mtu akikuuliza shamba la nani, utamweleza habari zote za shemeji aliyeko Tanga? Unasema letu. Leo unasema letu, kesho unasema letu. Mikono inasahau."

"Alirudi lini?"

"Mkonge ulipokufa. Alirudi na koti na kikohozi. Na korosho ndiyo hizo zimeanza kupanda bei, na wewe umechaguliwa chuo. Baba yako akamwambia, ngoja mtoto amalize. Akangoja. Hakugomba. Hukumbuki alikuletea sanduku la bati la kwendea chuo?"

Nililikumbuka. Bado nguo zangu zimo humo.

"Baba yako akafa kabla hujamaliza. Pale kaburini walipouliza nani anamdai marehemu, uliona nani alinyanyua mkono?"

"Baba Mdogo. Kisha akaushusha." Nilikuwa nimewahi kuwaandikia hapa kwamba aliushusha kwa sababu aliona aibu ya kudai uongo. Nimeliandika hilo kwa mkono wangu na mkalisoma.

"Aliushusha," mama akasema. "Baada ya arobaini akaja akaniuliza kwa upole, shemeji, ile mikorosho tunafanyaje? Nikamwambia siijui habari hiyo. Nilimtazama usoni nikamwambia siijui."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa pale karibu yangu, unapasua kuni. Ningesemaje, na wewe unasikia, kwamba ulisomeshwa kwa mikorosho ya mtu?"

Moshi wa jikoni kwa jirani ulikuwa unapanda moja kwa moja. Sikuweza kumtazama.

"Na niliposimama barazani? Kwa nini hukunizuia?"

Mama akakaza kanga yake kiunoni.

"Nilishika kanga yako nikuvute. Ukawa unaongea. Sijawahi kukusikia ukiongea vile mbele ya wanaume. Kila mtu amenyamaza anakusikiliza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akauliza, huyu ni mtoto wa nani? Nikaiachia kanga."

Akaingia ndani. Niliusikia mlango wa chumba ukirudishwa polepole, kama nyumba ina mgonjwa.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo karibu mbio. Alikuwa jikoni kwake anaota moto, maana kikohozi chake kinazidi asubuhi. Esha, binti yake, alikuwa anaosha vyombo. Esha na mimi tumelala kitanda kimoja utotoni. Alinisukumia kigoda kwa mguu, hakunisalimia.

"Baba Mdogo, nimejua."

Hakuuliza nimejua nini.

"Kwa nini hukusema barazani?"

"Ningesema nini? Kwamba kaka yangu alikula amana? Kaburi lilikuwa bado bichi."

"Nisamehe. Tumwambie Maalim arudi kwao. Wewe ndiye mwenye haki, ukisamehe hakuna cha kusomwa."

Alikohoa, akatema mate majivuni, akafukia kwa kijiti.

"Baba yako nilimsamehe pale nilipoushusha mkono. Wewe hukujua, nakusamehe hapa hapa. Lakini neno lako haliko hapa, Somoe. Ungekuwa umeniita mwizi humu jikoni, tungelimaliza humu jikoni. Neno lako limekwenda. Limefika Newala mjini kwa wakwe zangu."

Nikamtazama Esha. Aliendelea kusugua sufuria ileile.

"Posa ya Esha imerudishwa," Baba Mdogo akasema. "Wamesema hawaoi kwenye nyumba inayokula yatima. Sasa nikusamehe kwa sauti gani ili wale wasikie?"

Wasomaji wangu, nilikuwa sijui. Nawaapia nilikuwa sijui.

"Unataka nifanye nini?"

"Lichukue pale ulipoliweka. Mbele ya watu wale wale."

"Nikisema watamjua Mama."

"Watamjua."

"Watamzomea mpaka kisimani."

"Mimi wananizomea mpaka msikitini."

"Na yeye hutamsamehe?"

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. "Mama yako nilimpa nafasi. Alinitazama machoni. Usiniulize habari zake tena."

Esha akaweka sufuria chini. "Ticha," akasema, "siku ile uliongea kama redio. Leo betri zimekwisha?"

"Esha," baba yake akamkanya.

"Nitasema," nikasema. "Leo. Kabla ya Amin."

Esha akacheka kidogo, kicheko kikavu, akarudi kwenye vyombo vyake.

Maalim alifika adhuhuri, nyuma ya lori la mnunuzi wa korosho, baiskeli yake imefungwa juu ya magunia. Nilimwendea pembeni, nikamwambia shtaka langu lina kasoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikwambia kuhusu breki," akasema, si kwa ukali. "Shtaka umelitoa mbele ya watu, na limetangazwa mbele ya watu. Nikiondoka kimyakimya, watasema Baba Esha amenihonga. Simama uliondoe mwenyewe. Nitakupa nafasi. Nitakuita kabla ya Amin."

"Sijui kama nitaweza."

"Siku ile uliwezaje?"

Siku ile nilikuwa na hasira, na hasira ilinibeba. Leo nilikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa mzito kuliko mimi.

Baada ya Alasiri wakatandika mikeka uwanja wa msikiti. Wanaume mbele, wanawake pembeni. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya jirani, wengine na watoto mgongoni. Baba Mdogo alikaa mbele kama alivyosema. Ubani aliununua kweli, na aliutia mwenyewe kwenye chetezo.

"Mtazame anavyojikaza," mtu mmoja akanong'ona.

"Ngoja kisomo kianze. Wa mwaka juzi alivimba tumbo palepale."

Mama alikuwa katikati ya wanawake, amejifunika kanga mpaka paji la uso. Nilitaka kukaa naye. Walinivuta mbele, mwenye shtaka hakai nyuma.

Maalim akasoma. Sauti yake iliyokuwa na kikohozi ikawa nyingine kabisa. Alisoma majina ya watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, mmoja mmoja, na baada ya kila kundi watu wakaitikia. Mtoto mmoja alilia, akapewa ziwa.

Kisha akaacha kusoma, akaweka kitabu magotini.

"Mola wetu," akasema kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, "aliyedhulumu katika mikorosho hii, kwa mkono au kwa ulimi, unamjua. Mfikie." Akanigeukia. "Mwenye shtaka asimame. Aseme Amin, au aseme kinachomzuia."

Nikasimama.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu kwa Baba Mdogo: mikorosho ni yake, aliipanda yeye, nilikosea, niliposema anakula mali ya yatima nilimdhulumu mimi. Maneno machache. Nilifungua kinywa.

Sauti haikutoka.

Nilijaribu tena. Niliona nyuso, nyuso, na kofia, na Baba Mdogo anayenitazama bila hasira, ananingoja tu, kama alivyongoja nimalize chuo.

"Anaona haya, ndivyo alivyo," mwanamke mmoja akasema.

"Sema tu, mwanangu. Amin. Neno moja."

"Mpe maji."

Maalim hakunisaidia. Alikuwa amenipa nafasi na alikuwa anaiacha wazi.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, taratibu na wazi:

"Amin."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama peke yake kati ya wanawake. Kanga ilikuwa imemshuka mabegani. Mikono yake miwili ilikuwa imefunguliwa mbele yake kama mtu anayepokea kitu.

"Amin," akasema tena.

"Mama mtu kasema, inatosha," imamu wa msikiti wetu akasema. "Semeni Amin."

Uwanja mzima ukaitikia. Wazee, wanawake, watoto, wote waliinua mikono wakasema Amin juu ya mama yangu, wakidhani wanamsaidia.

Mtu mmoja tu hakuinua mkono. Baba Mdogo aliinamisha kichwa, akaikunja mikono yake mapajani, akaibana hapo.

"Mmeona?" sauti ikatoka kwa wanaume. "Hajaitikia. Mmeona wenyewe."

"Amejishtaki."

Esha aliondoka mbio amejifunika uso. Baba Mdogo alichukua kofia yake iliyodondoka, akaipangusa vumbi, akapita katikati ya watu. Walimpisha kama wanavyompisha mwenye ukoma. Na mimi nilikuwa bado nimesimama, kinywa wazi.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Twende," akasema. "Maji ya kupikia hayajachotwa."

Njiani watu walitupongeza. Mmoja akasema sasa tutaokota korosho zetu kwa amani. Mama alimshukuru.

Sauti yangu ilirudi tulipolikaribia ua letu. Nikaanza kumwambia kwamba kesho nitazunguka nyumba kwa nyumba, nitakwenda mpaka Newala mjini kwa wale wakwe, nitasema. Nilisema vizuri sana. Hapakuwa na mtu.

Mama alisimama kabla ya kufika mlangoni. Akanyoosha mkono akatafuta ukuta, akaupapasa, akaegemea.

"Somoe."

"Naam, Mama."

"Kumekuwa giza saa hizi?"

Jua lilikuwa limemwangaza usoni, na macho yake yalikuwa wazi.